Faraja au Iradukunda? (Sehemu ya Sita)

Weka kikombe chini kwanza usije ukajimwagia chai. Kilichotokea Makanyagio, hapa Mpanda, Jumamosi ile hutaamini. Mpaka leo mwenyewe Audace akisimulia anajishika kichwa, na kichwa chenyewe ni cha kinyozi, hakina hata unywele wa kushika.

Tulimwacha uani, si unakumbuka? Beseni la nepi mbele yake, povu limefika kwenye viwiko. Geti likagongwa. Halafu sauti ambayo hakuwa ameisikia ana kwa ana miaka miwili ikaita:

"Hodi humu!"

Mzee Ladislas. Baba yake mzazi. Ameshuka kutoka milimani Mwese, ile barabara ya kung'oa watu meno. Na alisema atafika jioni! Hapo ni saa tano asubuhi!

Beseni likapinduka.

Sasa wewe uliyeikosa wiki iliyopita, nisikilize haraka kabla mzee hajaingia. Hilaria, mke wa Audace, ana mtoto wa kiume, leo siku ya nane. Kwa akina Audace, watu waliotoka Burundi zamani na sasa ni Watanzania kama mimi na wewe, mtoto wa kwanza anapewa jina na babu mzaa baba. Siku ya nane babu anampakata, anamnong'oneza jina sikioni, halafu analitamka watu wasikie. Kabla ya hapo mtoto haitwi kitu. Ni "mgeni" tu.

Miezi minne iliyopita mzee alipiga simu, akasema ana jina. Iradukunda, yaani Mungu anatupenda. Audace akajibu, "Sawa baba, jina ni lako."

Wiki hiyohiyo Hilaria akamwambia, "Mume wangu, awe wa kike awe wa kiume, mimi namwita Faraja." Audace akajibu nini? "Sawa mama, jina ni lako."

Ndiyo alivyo huyu kijana. Miaka sita ya kunyoa watu imemharibu mdomo. Ukikaa kwenye kiti chake ukasema Yanga bingwa, anakwambia bingwa kabisa. Ukiondoka akakaa wa Simba, naye anaambiwa bingwa kabisa. Wateja wote wanaondoka na furaha.

Halafu kulikuwa na Mama Patrick, jirani wa ukutani, mtaalamu wa kusoma matumbo. Alilitazama tumbo la Hilaria akasema, "Wa kike huyu, nikatwe kidole." Audace akajipa moyo: akiwa wa kike, mzee atamwachia mama mtu. Akanunua nguo zote za pinki. Kofia yenye ua. Soksi zenye sungura.

Akazaliwa dume la kilo tatu na nusu.

Akajaribu kuchomoka. "Mke wangu, Faraja si la kike hilo?"

Hilaria akamuuliza, "Fundi aliyejenga hii nyumba anaitwa nani?"

"Faraja."

"Ana ndevu hana?"

"Anazo. Si mimi ndiye namnyoa."

"Basi."

Na Iradukunda nalo ndiyo hivyohivyo, huko kwao wanaitwa wanaume, wanaitwa wanawake, hakuna anayeshangaa. Majina yote mawili yanavaa suruali na gauni. Hakuna lililojitoa lenyewe.

Juzi Alhamisi Hilaria akaigundua ahadi ya pili. Hakupiga kelele. Alisema kwa upole, ule upole wa kutisha: "Baba yako akija, mwambie wewe mwenyewe, kabla hajampakata mtoto. Ukishindwa, mimi na mama na mwanangu tunarudi kwetu Kasansa."

Na Hilaria hana utani wa hivyo.

Kwa upande wa pili, huyu mzee hakuja kwenye harusi. Alisikia mwanawe anaoa Mpimbwe, kabila lingine, akazima simu. Leo ndiyo mara ya kwanza anakanyaga nyumba hii, na amekuja kwa sababu moja tu: jina. Ukilikataa, anarudi milimani, na safari hii hashuki tena.

Twende sasa. Mzee ameshaingia.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba. Unafua nepi?"

"Aa... nasaidia tu, baba."

"Endelea. Mimi sijasema kitu."

Mzee alikuwa mwekundu kwa vumbi, kofia mpaka viatu, macho tu ndiyo yanaonekana. Mkononi ana jogoo, begani kiroba cha maharage.

"Si ulisema jioni, baba?"

"Nimeona mawingu kule juu. Ningengoja jioni ningengoja mpaka mwezi ujao."

Mlango wa jikoni ukafunguka, ukafungwa haraka kama umemwona simba.

"Jamani mkwe!" ikatoka sauti ndani. Huyo ni Mama Vestina, mama yake Hilaria, amekuja kutoka Kasansa na gunia la mchele kumuuguza binti yake. "Mkwe usinitazame! Nina masizi mpaka puani!"

"Sijatazama, mkwe. Natazama ukuta."

"Karibu sana mkwe! Endelea kutazama huohuo!"

Audace akapumua kidogo. Kumbe mambo yanakwenda vizuri. Atamkalisha mzee, atampa maji, atamwambia taratibu...

Kutoka juu ya ukuta wa jirani:

"Mama Faraja! Weee Mama Farajaaa! Nirushie kitunguu!"

Mama Patrick. Alikuwa ameambiwa. Ameapishwa. Asubuhi hiyohiyo ameletewa sahani ya vitumbua afunge mdomo!

Mzee akageuka polepole. "Mama Faraja ndiyo nani?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli, si ndiyo? Maneno machache tu: baba, kaa chini, kuna jambo. Lakini mdomo wa Audace ulishaondoka bila yeye.

"Saluni, baba!"

"Saluni?"

"Saluni yangu. Inaitwa Faraja. Sasa mke wa mwenye saluni... si unajua majirani wa mjini, baba. Utani mwingi."

Na Hilaria wakati huo amesimama mlangoni, mtoto mikononi. Amesikia yote. Alimtazama mumewe, hakusema neno, na hilo neno ambalo hakulisema lilisikika mpaka barabarani.

"Shikamoo baba," akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu." Mzee akanyoosha shingo kutokea kulekule aliposimama. Akaona kofia ya pinki. Akaona ua. "Niliambiwa wa kiume."

"Ni wa kiume, baba. Nguo ndiyo za kike. Kijana wako alimwamini jirani."

Upande mmoja wa mdomo wa mzee ukacheza kidogo. Hilaria akasogea mbele, mikono miwili imemnyanyua mtoto. "Mpakate, baba."

Alifanya makusudi! Moyo wa Audace ukadondoka ukalala na zile nepi. Babu akimshika tu, analitoa jina, na limeshatoka.

Mzee akarudi nyuma hatua mbili.

"Na vumbi hili? Hapana. Siwezi kumshika mtoto na Mwese nzima kichwani." Akavua kofia. Nywele zilikuwa kama kichaka cha mpunga. "Audace, ninyoe kwanza. Twende. Nataka nikaione hiyo saluni Faraja."

Hapo sasa.

Kibao cha saluni ya Audace, kila mtu Makanyagio anakijua, kimeandikwa VIJANA KWANZA. Kina picha ya jamaa mwenye kiduku. Faraja haipo, hata kwa kubahatisha.

"Ngoja nivae shati, baba!" Akaingia ndani mbio, simu mkononi, vidole vinateleza kwa povu. Akamtumia Ponsian, kijana anayenyoa naye:

*Ponsi andika FARAJA kwenye kibao sasa hivi. SASA HIVI. Usiulize.*

Alipogeuka, Hilaria yuko nyuma yake.

"Unampeleka ukamdanganye na huko?"

"Nitamwambia, mke wangu. Njiani."

"Njiani," Hilaria akarudia. Akachukua begi la nguo juu ya kabati, akaliweka kitandani. Hakulifungua. Aliliweka tu.

Kutoka nyumbani kwa Audace mpaka saluni ni dakika nne. Siku hiyo walitumia nusu saa. Audace alimsalimia kila mwenye duka. Aliuliza habari za wagonjwa waliopona mwaka jana. Alimwonyesha mzee mtaro mpya, nguzo ya umeme, na mbuzi wa mtu.

"Hili duka tumeshalipita," mzee akasema.

"Hapana baba, yanafanana."

"Na mwenye duka anafanana?"

Simu ikalia. Ujumbe wa sauti. Audace akaugusa ausikilize kwa siri, akasahau kwamba spika ya simu yake ina tatizo moja: haijui siri.

"OYA BABA FARAJA!" Sauti ya Ponsian ikaruka barabara nzima. "RANGI ILIYOPO NYEKUNDU TU, ILE YA GETI LA MWENYE NYUMBA! NIANDIKE KUBWA AU NDOGO?"

Kuku wakatawanyika.

Mzee alikuwa ameinama anachagua nyanya mezani kwa mtu. Hakuinua kichwa.

"Mteja huyo, baba," Audace akasema, jasho linamtoka kama amebeba tofali.

"Anapaka rangi?"

"Anapaka... ndiyo. Ni fundi."

"Mwambie aandike kubwa," mzee akasema. "Kama anaandika kitu, aandike kionekane."

Wakafika. Kibao kile! Kiduku cha yule jamaa kilikuwa kimefunikwa na FARAJA nyekundu, herufi kila moja na urefu wake, zinachuruzika kama zimejeruhiwa. Ponsian amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Shikamoo mzee! Karibu Faraja! Karibu hapahapa Faraja, palipo na faraja!"

"Punguza, Ponsi," Audace akanong'ona.

Mzee akakitazama kibao. Akakitazama tena. Akapitisha kidole kwenye ile F, taratibu, kisha akakiweka kidole mfukoni na kuingia. Akakaa kwenye kiti. Audace akamfunga shuka shingoni, akawasha mashine, vrrrr, akaanza upande wa kulia.

"Ponsian, mwanangu," mzee akasema. "Nitafutie soda. Ya mbali."

Ponsian akaelewa, akapotea.

Mashine ikala nusu ya kichaka. Kwenye kioo baba na mwana wanatazamana. Ndipo mzee akatoa mkono chini ya shuka, akanyanyua kidole. Chekundu.

"Audace."

"Naam, baba."

"Rangi yako haijakauka."

Mashine ikazimika. Sijui alizima yeye, sijui mkono ulizima wenyewe.

"Nimeshuka kwenye pikipiki pale juu," mzee akaendelea, nusu ya kichwa inang'aa, nusu msitu. "Nikauliza, kwa Audace kinyozi ni wapi. Muuza mihogo akaniuliza, kwa Baba Faraja? Muuza vocha, kwa Baba Faraja? Mama mmoja mwenye ndoo kichwani akanisindikiza mpaka getini, ananisimulia Faraja alivyozaliwa mzito. Mimi nimeshajua kabla sijapiga hodi. Nimekaa nangoja mwanangu aniambie. Nimenyamaza uani, nimenyamaza njiani, nimetazama mbuzi wa watu. Kwa nini hukuniambia?"

Audace aliiweka mashine mezani. Mara ya kwanza siku hiyo mdomo ukatoa ukweli.

"Niliogopa, baba."

"Uliogopa nini? Nitakuchapa?"

"Niliogopa utapanda pikipiki urudi. Miaka miwili nimekungoja. Nikasema ukirudi leo, basi tena."

Nje mtu akapita na redio, wimbo ukaja ukaondoka.

"Mimi sina kitu cha maana cha kumwachia huyo mtoto," mzee akasema. "Shamba lile lina mawe. Nina hilo jina moja. Iradukunda alikuwa dada yangu."

"Dada? Nilidhani ni jina la babu."

"Dada. Tulipokimbia Burundi nilikuwa mdogo, sijui hata kufunga kamba. Alinibeba mgongoni. Siku nyingi. Na chakula kikipatikana anasema ameshiba, kula wewe. Mimi nilifika huku. Yeye hakufika. Hana kaburi ninalolijua, hana picha. Mimi na mama yako tukifa hakuna atakayejua kwamba alikuwepo."

Audace akakaa kwenye kiti cha Ponsian. Miaka ishirini na saba, na hajawahi kuambiwa.

"Na mkeo?" mzee akauliza. "Yeye Faraja kaitoa wapi?"

Sasa ikawa zamu ya Audace.

"Mwaka juzi tulipoteza mimba, baba. Miezi sita. Hilaria alikaa ndani, haongei, hapiki, hachani nywele. Mama yake alikuja kumlisha kama mtoto. Mimi narudi kazini namkuta kakaa palepale nilipomwacha asubuhi. Alipopata huyu, siku ya kwanza anacheza tumboni, ndiyo nikamsikia anacheka. Akasema, faraja yangu hii. Ndiyo jina likatoka hapo."

Mzee alikuwa ameshika mikono ya kiti.

"Mwaka juzi. Na mimi sikuambiwa?"

"Nilikupigia, baba. Mara nyingi. Hukupokea."

Uso wa mzee kwenye kioo ukawa mzee zaidi. Alikumbuka zile simu. Alikuwa anaziona zinaita, jina la mwanawe linawaka, anaigeuza simu chini juu ya meza.

Halafu akajikohoza.

"Malizia hiki kichwa. Siwezi kwenda kwa mkwe hivi, nitaonekana nimepata ajali."

"Ndiyo, baba."

"Na mtoto ni Faraja."

Audace akasimama. "Na Iradukunda?"

"Iradukunda alikuwa mtu wa kupisha wengine. Atapisha. Washa mashine. Na usinilie kichwani, nitakuwa na upara uliolowa."

Msomaji, umefurahi? Hata Audace alifurahi! Alimaliza kunyoa akamshika mzee mkono, ile njia ya nusu saa wakaikata kwa dakika tatu. Mtaro hakuuona. Mbuzi hakumsalimia. Anawaza kitu kimoja: begi kitandani, analirudisha juu ya kabati kwa mkono wake mwenyewe.

Wakaingia uani. Mkeka umetandikwa. Wali wa Kasansa unanukia. Mama Vestina amenawa masizi, amevaa kitenge kipya, sasa anaruhusu kutazamwa. Mama Patrick yuko nje ya ukuta, kidevu kimekaa juu ya tofali, maana haalikwi lakini hakosi.

Na Hilaria katikati ya mkeka, amepiga magoti, mtoto mapajani. Macho mekundu.

"Mke wangu!" Audace akaanza. "Sikiliza..."

"Subiri," Hilaria akasema. Hakumtazama hata. Alimtazama mzee. "Baba. Mama Marta amenipigia."

Marta ni mama yake Audace, kabaki Mwese kwa ajili ya mguu mbovu.

"Amepanda mlima na ule mguu kutafuta mtandao," Hilaria akaendelea. "Ameniambia wewe hutasema, ila yeye anasema. Amenisimulia habari za dada yako. Alivyokubeba." Sauti ikakatika, akaivuta. "Mimi sikujua, baba. Nilidhani ni jina tu. Nilidhani mnanifundisha kwamba hapa kwenu mimi sina sauti. Ningejua nisingeshindana. Mpakate mjukuu wako. Mwite Iradukunda."

Hata jogoo aliyeletwa akatulia.

"Hapana, mwanangu," mzee akasema. "Anaitwa Faraja. Nimeshaambiwa habari za yule wa kwanza."

Hilaria akamgeukia mumewe. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Kitu kikapita usoni kwake, laini. Halafu akakaza tena. "Asante. Lakini ni Iradukunda."

"Faraja," mzee akasema.

"Iradukunda, baba."

"Faraja! Mimi ndiye babu, mimi ndiye ninayetoa!"

"Basi ulitoe lile ulilokuja nalo!"

Mama Vestina akaingilia, mwiko mkononi. "Mkwe, kwa heshima zote, binti yangu ameshasema Iradukunda. Mimi nimelifanyia mazoezi hilo jina tangu simu ikatike, ulimi umeniuma, halafu wewe unalikataa?"

"Mkwe, kwa heshima zote, na mimi nimenyolewa kwa ajili ya Faraja!"

"Kunyolewa ndiyo hoja?"

"Ni hoja kubwa! Hukuona kilichokuwepo!"

Unaona mambo? Asubuhi kila mtu alikuwa anavutia kwake. Mchana huu kila mtu anasukumia kwa mwenzake, na ugomvi ni uleule, sauti ndiyo zimezidi. Audace amesimama katikati, kichwa kinakwenda huku na huku kama anatazama mpira.

"Jamani!" Mama Patrick kutoka ukutani. "Sasa mimi nikitaka kitunguu nimwite mama nani? Si muweke yote mawili muishe, wali unapoa!"

Audace akadaka hapohapo. "Eeh! Yote mawili! Faraja Iradukunda! Si..."

"Hapana," mzee akasema.

"Hapana," Hilaria akasema, pumzi hiyohiyo moja.

Wakatazamana, wakashangaa wenyewe. Ndiyo kitu cha kwanza kukubaliana tangu wafahamiane.

"Ukiweka mawili," mzee akasema, "mimi kule nitamwita langu, nyie huku mtamwita lenu. Atakuwa mtoto wa nyumba mbili zisizoongea. Nimeshaishi hivyo miaka miwili. Imetosha. Moja."

"Moja," Hilaria akakubali.

"Na nitakwambia nani atasema." Mzee akanyoosha mikono, na kwa mara ya kwanza akampokea mjukuu wake. Akaitengeneza vizuri ile kofia yenye ua, ikakaa kwenye masikio. Akamtazama kwa muda, midomo inacheza bila sauti. Halafu, badala ya kuinama kumnong'oneza, akamgeukia Audace na kumwekea mtoto mikononi. "Huyu hapa. Kwetu anatoa babu. Leo babu anampa baba yake hiyo kazi. Huyu kijana tangu azaliwe anasema sawa, sawa, sawa. Leo hakuna wa kumwambia sawa. Aseme lake."

"Baba, mimi..."

"Sema."

"Mke wangu..."

"Sema, Audace," Hilaria akasema. Kwa upole. Na safari hii ulikuwa upole wa kweli, ndiyo maana ukamuuma zaidi.

Akatafuta uso wa kumsaidia. Mzee anatazama viatu vyake. Hilaria ameinamisha kichwa, anaukwaruza ukingo wa mkeka kwa kucha. Mama Vestina ameshika mwiko kama kipaza sauti. Kidevu cha Mama Patrick hakitikisiki.

Akisema Faraja, Hilaria aliyekaa ndani bila kuongea mwaka juzi atapata jina lake, lakini atakuwa amekataliwa zawadi mbele ya wakwe. Na yule msichana aliyesema ameshiba, kula wewe, atapanda pikipiki na kaka yake jioni hii, arudi milimani kusubiri kusahaulika.

Akisema Iradukunda, msichana yule anapata mtu wa kuitika kwa ajili yake. Na Hilaria atatabasamu. Atatabasamu kweli. Halafu usiku akimnyonyesha atataka kusema lile neno lililomrudishia kicheko, atalimeza, maana si jina la mtoto tena.

Wali unapoa. Mawingu ya Mwese yameshafika Mpanda, tone la kwanza likaanguka kwenye mkeka, paa.

Audace akainama. Mdomo wake uko sentimita mbili kutoka kile kisikio kidogo chini ya ua la pinki. Mtoto akafungua jicho moja, akamtazama baba yake kama mteja anayetaka kujua bei.

Audace akavuta pumzi.

Haya, simama wewe hapo mkekani, mtoto mikononi mwako, mzee kushoto, mke kulia, na moja tu ndilo linaruhusiwa. Ungemwita nani?